Koa ndani ya nyumba: Tukaushe nyumba kabla ya kukimbilia sumu

Kila msimu una wageni wake. Mvua za masika zinapoanza, mbu huja, kumbikumbi huja, na kwa wale wanaoishi katika sehemu zenye baridi na unyevu kama Limuru, Kinangop, Kericho na Kisii, mgeni mwingine huingia bila kubisha hodi. Asubuhi unafungua mlango wa jikoni na kukuta mstari unaong'aa umekatiza sakafuni, umepanda juu ya gunia la viazi, umepitia kwenye sahani ya paka na kupotelea chini ya sinki. Mwenye mstari huo humwoni. Amekwisha kula, amekwisha kutembea, na sasa amelala mahali penye giza akingoja usiku mwingine.

Mgeni huyo ni koa. Watu wengi humwita konokono, na si ajabu, maana ni ndugu wa damu. Tofauti iliyopo ni kwamba konokono hubeba nyumba yake mgongoni ilhali koa hana nyumba. Kwa sababu hiyo huitafuta yako.

Wala asidhani mkazi wa jijini kwamba haya hayamhusu. Vyumba vingi vya kupanga jijini Nairobi vimejengwa mabondeni, karibu na mito, na sakafu zake ziko chini kuliko uwanja wa nje. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalituonyesha jinsi maji yanavyoweza kuingia katika makao ya watu. Maji yalipopungua, unyevu ulibaki kutani, na palipo na unyevu koa hakawii.

Swali ambalo ningependa tulijadili leo ni hili: mtu akimkuta koa jikoni mwake afanye nini? Wengi wetu hukimbilia chumvi. Ikishindikana, hutuma mtoto kwenye duka la dawa za kilimo akanunue sumu. Kwa maoni yangu, hapo ndipo tunapokosea. Koa ni mnyama wa kuchukiza, hilo sikatai, na yapo madhara anayoweza kuleta. Lakini katika nyumba yenye watoto wadogo, sumu iliyomwagwa sakafuni ni hatari kubwa zaidi kuliko koa mwenyewe. Isitoshe, sumu hiyo haiondoi kilichomleta.

Kwa nini huingia

Ili umshinde adui ni sharti umjue. Koa si mdudu. Yuko katika jamii moja na konokono, chaza, na hata pweza na ngisi wanaoliwa kule Pwani. Mwili wake ni maji kwa sehemu kubwa, na ngozi yake haiwezi kuyazuia maji hayo yasipotee. Akikaa juani kwa muda hukauka na kufa. Kwa hiyo maisha yake yote ni ya kutafuta mahali penye unyevu, kivuli na chakula. Mchana hujificha chini ya mawe, mbao, vyungu vya maua, majani yaliyooza na marundo ya kuni. Usiku hutoka kula.

Ute anaouacha nyuma una kazi mbili. Humsaidia kuteleza pasipo kuumia, na humwonyesha njia. Koa anaweza kuufuata mstari wake mwenyewe au wa mwenzake hadi pale palipopatikana chakula. Ndiyo sababu ukimwona leo karibu na ndoo ya taka, kesho utamwona papo hapo, na kesho kutwa watakuwa wawili.

Jambo jingine linalostahili kufahamika ni kuhusu uzazi wake. Koa mmoja ana viungo vya kiume na vya kike pamoja, kwa hiyo kila mmoja wao anaweza kutaga mayai. Mayai hayo ni madogo, meupe au yanayopenya mwanga, nayo hutagwa kwa mafungu katika udongo wenye unyevu, chini ya mawe na chini ya mbao zilizolala. Mtu anayewaua wale walioingia ndani na kuacha mayai nje ya ukuta ni kama anayefuta maji sakafuni huku mfereji uko wazi.

Njia anazopitia ni nyingi. Nafasi iliyo chini ya mlango ndiyo lango lake kuu. Tundu la kutolea maji bafuni ni la pili. Ziko pia nyufa za ukuta, mahali bomba la sinki linapotokeza nje, na madirisha yaliyo karibu na majani marefu. Mwili wake ni mlaini na huweza kujinyoosha ukawa mwembamba, hivi kwamba tundu usilodhani hata panya mdogo angepita, yeye hupita.

Na akishaingia, anafuata nini? Chakula kilichobaki kwenye sahani ya paka au mbwa, maganda ya viazi, sukuma wiki iliyowekwa sakafuni, tambara lililolowa, unga uliomwagika. Kwa maneno mengine, koa hutuonyesha mahali palipo na maji na mabaki ya chakula ndani ya nyumba zetu. Tungemsikiliza, tungejua mengi kuhusu usafi wetu.

Je, huleta maradhi?

Hapa panahitaji uangalifu, kwa sababu kuna mambo mawili ambayo watu huchanganya.

La kwanza ni kichocho. Ni kweli kwamba kichocho huenezwa kwa njia ya konokono. Lakini konokono hao huishi katika maji yasiyo na chumvi, kama vile mifereji ya mashamba ya mpunga kule Mwea na kandokando ya Ziwa Victoria. Vijidudu hutoka ndani ya konokono, huogelea majini na kupenya ngozi ya mtu anayeoga, anayefua au anayelima ndani ya maji hayo. Koa anayetambaa ukutani mwako hakuletei kichocho. Mama aliyemkuta mtoto wake amemshika koa hana haja ya kumkimbiza hospitali kupimwa ugonjwa huo. Amnawishe mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka, yatosha.

La pili ni zito zaidi, na ndilo linalofanya nisiwaambie wasomaji kwamba koa hana neno. Kuna mnyoo anayeishi katika mishipa ya damu ya mapafu ya panya. Wataalamu walimweleza kwa mara ya kwanza 1935, baada ya kumpata katika panya wa Canton nchini Uchina. Watoto wa mnyoo huyu hutoka pamoja na kinyesi cha panya. Koa au konokono hula kinyesi hicho, nao hukua ndani ya mwili wake. Panya akimla koa, mzunguko hutimia. Binadamu hakukusudiwa kuwamo katika mzunguko huo, lakini huingia kwa bahati mbaya anapomeza koa mzima au kipande chake, kwa mfano koa mchanga aliyejificha ndani ya mboga inayoliwa mbichi. Mnyoo huyo akiwa ndani ya mwili wa mtu huelekea kwenye ubongo, na huko husababisha homa ya uti wa mgongo ya aina yake.

Ugonjwa huu umeshuhudiwa katika Asia, visiwa vya Pasifiki, Hawaii na Australia. Karibu nasi katika Bahari Hindi, umewahi kuripotiwa katika visiwa vya Mayotte na Réunion. Kisa kilichojulikana sana ni cha kijana mmoja wa Sydney, Australia, aliyemeza koa 2010 akiwa na marafiki zake, kwa mzaha tu. Aliugua, akapoteza fahamu kwa muda mrefu, akapooza, na akafariki 2018. Mzaha wa dakika moja ulimgharimu miaka minane ya mateso, na mwishowe uhai.

Nasema haya si kwa nia ya kumtia mtu hofu. Kupita kwa koa sakafuni hakumpi mtu ugonjwa huo. Njia kuu ni mdomo. Kwa hiyo kinga yake iko jikoni, nayo ni rahisi. Mboga zinazopikwa, zipikwe zikaiva, kwani moto humwua mnyoo. Zile zinazoliwa mbichi, kama vile kabichi, dania na saladi ya majani, zitenganishwe jani moja moja na kuoshwa chini ya maji yanayotiririka, huku ukizitazama pande zote mbili. Usitegemee kwamba kulowesha mboga katika maji ya chumvi au siki kutawaua minyoo hao. Kinachosaidia ni kuosha na kukagua. Jani lililotafunwa na lenye ute litupwe. Na chakula chochote kilichopitiwa na koa usiku kitupwe vilevile, hata kama ni mkate uliobaki nusu.

Watoto nao waambiwe waziwazi kwamba koa si wa kuchezea wala si wa kutiwa mdomoni, hata rafiki akikutania kwamba wewe ni mwoga. Na iwapo mtu amemla koa, kwa bahati mbaya au kwa utundu, kisha katika siku au majuma yanayofuata akaumwa sana na kichwa, shingo ikakakamaa, akatapika au akahisi ngozi ikimchomachoma, apelekwe hospitali bila kuchelewa na daktari aambiwe habari ya koa. Kumeza vidonge vya minyoo vya dukani na kusubiri nyumbani si matibabu ya ugonjwa huu.

Sumu sakafuni

Sasa tuingie katika kiini cha hoja yangu. Sumu inayouzwa zaidi ulimwenguni kwa ajili ya koa na konokono ina kemikali iitwayo metaldehaidi. Huja kama vipunje vidogo vya rangi ya samawati au kijani, vilivyochanganywa na pumba za nafaka ili kumvutia koa. Tafadhali soma sentensi hiyo mara ya pili. Vipunje vyenye rangi ya kupendeza, vyenye ladha ya nafaka, vinamwagwa chini, mahali ambapo mtoto wa miaka miwili anatambaa. Mtoto huyo hajui kusoma maandishi ya hatari. Anachokiona ni peremende.

Mbwa na paka nao hawasalimiki. Mbwa akila vipunje hivyo hutokwa na udenda, hutetemeka, hupata joto kali mwilini na degedege, na wengi hufa. Binadamu naye huweza kutapika, kuumwa na tumbo na kupatwa na degedege. Hakuna dawa maalumu ya kuiondoa sumu hiyo mwilini. Madaktari hutibu dalili na kumsaidia mgonjwa hadi sumu iishe nguvu. Uingereza, nchi ambayo wakulima na wapenda bustani wake wamepambana na koa kwa vizazi vingi, ilipiga marufuku matumizi yake nje ya nyumba kuanzia mwisho wa Machi 2022, kwa sababu ya madhara yake kwa ndege na wanyama wa porini. Ikiwa wenzetu wameiondoa hata bustanini, sisi tutaiingizaje jikoni?

Wako wengine ambao hununua dawa ya kupe au ya wadudu wa shambani na kuinyunyiza kwenye pembe za nyumba. Huko ni kujipa hasara mara mbili. Kama nilivyotangulia kusema, koa si mdudu. Dawa nyingi za wadudu hazimdhuru sana, lakini humdhuru mtu anayezivuta hewani katika chumba kimoja ambamo familia nzima hupika, hula na kulala.

Baya kuliko yote ni ile tabia ya kuuziwa sumu kwa kupimiwa. Sheria ya Kenya kuhusu bidhaa za kudhibiti wadudu, Sura 346, inataka bidhaa kama hizi zisajiliwe na ziwe na maandishi yanayoeleza zilivyo na zinavyotumiwa. Mchuuzi anapokufungia sumu ndani ya kipande cha gazeti au kukumiminia katika chupa ya soda, maandishi hayo yamebaki dukani. Sote tunafahamu jinsi mafuta ya taa yaliyowekwa katika chupa ya soda yalivyowadhuru watoto wetu. Kwa nini turudie kosa lile lile kwa sumu iliyo kali zaidi?

Iwapo ajali imetokea na mtoto amekula sumu, usimtapishe kwa nguvu, na usipoteze wakati ukitafuta maziwa kwa imani kwamba yataizima sumu. Ondoa mabaki yaliyo mdomoni, chukua pakiti au chupa yenyewe, umkimbize mtoto hospitali iliyo karibu. Pakiti hiyo itamwambia daktari mengi kuliko maelezo yako.

Vipi kuhusu chumvi?

Chumvi si sumu kama zile, na ni kweli humwua koa kwa kumnyonya maji. Lakini tazama inavyoacha mambo. Koa aliyemwagiwa chumvi hutoa ute mwingi, na sakafu hubaki na uchafu mgumu kuondoa. Chumvi iliyobaki huvuta unyevu kutoka hewani, hula vyuma vya mlango, na ikimwagwa nje huua mimea. Kisha mvua moja tu huiyeyusha yote. Kuzungushia nyumba chumvi kila usiku ni kugharimika bure. Jivu kavu la jikoni huwa kizuizi, maana koa hapendi kutambaa juu ya kitu kikavu chenye vumbi, ila nalo likilowa halina kazi tena.

La kufanya

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika jambo hili methali hiyo ichukuliwe neno kwa neno. Nashauri hatua zifuatazo, kwa utaratibu huu.

Kwanza, tafuta njia. Kwa usiku mbili tatu, saa nne au saa tano, amka na tochi bila kuwasha taa ya chumba. Utawakuta wakitembea. Fuata ute hadi unapoanzia. Hapo ndipo pa kuziba, si mahali pengine.

Pili, wachukue wale waliomo. Vaa glavu au mfuko wa plastiki mkononi, au tumia kijiko kikuukuu, uwatie ndani ya karai lenye maji moto ya sabuni, kisha uwafukie. Kumtupa koa nje ya mlango ni kumpa likizo ya saa chache. Ute ulio sakafuni usianze kuumwagia maji, kwa kuwa maji huuvimbisha. Ufute kwanza kwa karatasi kavu au uumwagie jivu na kuufagia, ndipo upige deki kwa maji moto na sabuni. Ukiufuta barabara umeifuta pia njia ya kesho.

Tatu, ziba. Kipande cha tyubu kuukuu ya gurudumu kikipigiliwa chini ya mlango kikagusa sakafu, huziba nafasi ile kwa gharama ndogo sana. Tundu la maji la bafu liwekewe wavu wa chuma wenye matundu madogo. Nyufa zijazwe saruji. Pale bomba linapopita ukutani pazibwe pande zote mbili.

Nne, kausha. Bomba linalovuja chini ya sinki litengenezwe. Tambara la kupigia deki lianikwe nje, lisiachwe limekunjwa kwenye ndoo. Madirisha yafunguliwe mchana ili hewa ipite. Magunia ya viazi na mahindi yainuliwe juu ya mbao au mawe, yasigusane na sakafu wala ukuta. Sahani ya paka ioshwe kabla ya kulala, na taka zitolewe jioni, si asubuhi.

Tano, toka nje. Kazi kubwa iko huko. Ondoa majani, mbao, mawe na kuni zilizoegemezwa ukutani, ukiharibu mayai utakayoyakuta chini yake. Acha nafasi ya kama mita moja kuzunguka nyumba iwe wazi na kavu, ikiwezekana uimwagie kokoto. Shimo la mbolea liwe mbali na jikoni. Bustani inyeshewe maji asubuhi badala ya jioni, ili usiku uwe umekauka. Mtaro wa maji ya mvua uchimbwe na kusafishwa kabla mvua hazijaanza.

Sita, weka mitego. Laza gunia lililolowa au ubao bustanini jioni. Asubuhi uinue, uwakute wamejikusanya chini yake, uwatie katika karai. Wengine huweka kopo lenye bia kidogo likiwa limezikwa ardhini, mdomo ukiwa juu kidogo ya udongo. Kinachomvuta koa ni harufu ya chachu, kwa hiyo asiyetaka bia nyumbani mwake anaweza kuchanganya hamira, sukari na maji, kazi ikawa ile ile. Kopo hilo liwekwe mahali ambapo mtoto hawezi kufika. Mwenye nafasi ya kufuga bata atapata msaada mwingine, kwani bata humpenda koa kama watoto wapendavyo mandazi. Na chura anayekaa karibu na mtaro usimfukuze. Yeye naye yuko upande wako.

Saba, pambana na panya. Umekwisha kuona kwamba ule mnyoo wa hatari hauwezi kuendelea pasipo panya. Nyumba isiyo na panya huwa na koa asiye na jambo kubwa la kukudhuru.

Mwenye nyumba ana wajibu wake

Najua kuna msomaji atakayesema, "Haya ni mazuri kwa mtu aliyejenga kwake. Mimi ni mpangaji. Mtaro si wangu, ukuta si wangu, na nikilalamika naambiwa nihame." Malalamiko hayo yana haki, na nisingependa kuyapita juujuu.

Mpangaji anaweza kufuta ute, kuanika tambara na kupigilia kipande cha tyubu. Hawezi kuinua sakafu iliyojengwa chini ya kiwango cha uwanja, wala kuondoa maji machafu ya vyumba kumi yanayopita mbele ya mlango wake. Hiyo ni kazi ya mwenye nyumba, na sheria iko wazi. Sheria ya Afya ya Umma, Sura 242, inamkataza mwenye mali au anayeikalia kuacha katika ardhi au jengo hali yoyote inayoweza kudhuru afya. Nyumba zenye unyevu na mitaro mibovu si mambo ya hisani ya mwenye nyumba. Ni mambo ambayo afisa wa afya ya umma ana mamlaka ya kuyakagua na kuamuru yarekebishwe. Katiba ya 2010 nayo, katika Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makao yanayofaa na viwango vya kuridhisha vya usafi. Na ratiba ya nne ya Katiba hiyo hiyo imezikabidhi serikali za kaunti kazi ya kushughulikia maji ya mvua katika sehemu zilizojengwa.

Kwa hivyo wapangaji wa ploti moja wasiende mmoja mmoja kulalamika. Waandike barua moja, waitie sahihi wote, wampe mwenye nyumba na nakala waipeleke kwa afisa wa afya wa kata yao. Mpangaji mmoja hufukuzwa kwa urahisi, lakini ni nani atakayewafukuza wote kumi kwa mkupuo na abaki na ploti tupu? Wenye nyumba nao wafahamu kwamba unyevu unaomleta koa ndio huo huo unaobomoa kuta zao, kuozesha milango yao na kuwasababishia watoto wa wapangaji vikohozi visivyokwisha. Mtaro unagharimu pesa kidogo kuliko ukuta.

Maafisa wa afya pia wana neno la kuambiwa. Si haki wafike kwenye mtaa wakati kipindupindu kimezuka tu. Ukaguzi wa mitaro ufanywe Februari na Septemba, kabla ya masika na kabla ya vuli, wakati ambapo jembe na kokoto zinaweza kufanya kazi. Maduka yanayouza sumu kwa vipimo vya kijiko nayo yakaguliwe, na wenye kukiuka sheria wachukuliwe hatua.

Koa akiingia nyumbani kwako leo usiku, usipige mayowe wala usitume mtoto dukani. Chukua tochi, uufuate mstari wake. Utakufikisha kwenye mlango usiofunga, au bomba linalovuja, au mtaro uliozibika, au sahani ambayo haikuoshwa. Rekebisha hilo uliloliona. Ukifanya hivyo utakuwa umemfungia koa njia, na pamoja naye utakuwa umewafungia mbu, mende na panya wanaopenda mahali pale pale. Na mtoto wako atatambaa sakafuni bila wewe kuwa na wasiwasi na kile atakachokiokota na kukitia mdomoni.